Sura ya Nne: Soma Matokeo Kuanzia Chini

Matokeo ya kidato cha nne hutangazwa mwishoni mwa Januari, wakati Bonde la Kilombero limeinamia mpunga. Kivukoni, upande wa Ulanga, karibu na daraja lililokistaafisha kivuko, kaya nyingi huwa zimehamia kwenye vibanda vya shambani, na simu moja yenye bando hupita mkono kwa mkono mpaka namba ya mtihani ionekane. Vigelegele havimalizi wiki. Vikitulia linabaki swali ambalo waliopiga vigelegele hawakubaliani jibu lake: huyu mtoto aende wapi?

Mjomba wa Dar es Salaam anapiga simu akiwa na uhakika wake. "Akiitwa Kilakala hakuna cha kujadili. Vipanga wote wako kule." Mama mdogo, muuguzi wa Ifakara, haoni sababu ya kuhangaika na kidato cha tano, mtoto aingie chuo, baada ya miaka mitatu anavaa koti jeupe. Mwalimu wa taaluma anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa kuwa alama zinaruhusu. Baba anauliza nauli na bei ya godoro. Mtoto mwenyewe amekaa mkekani, anamjibu kila mmoja "sawa", na ukimvuta pembeni atakwambia kwamba somo analolipenda ni Jiografia.

Wote hao wana hoja. Wanachokosa ni kipimo kimoja cha kupimia hoja zao, na sura hii inapendekeza hiki: usiipime shule kwa kile inachomfanyia mwanafunzi wake wa kwanza, ipime kwa yanayompata wa katikati na wa mwisho. Mtoto aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kata ya Minepa au Lupiro ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa katikati akifika kwenye shule ya vipaji maalumu. Miaka yake miwili itategemea jinsi shule hiyo inavyoishi na watu wa katikati.

Mahali ambapo familia ina sauti

Kwa sehemu kubwa ya safari, mzazi anayetegemea shule za Serikali hachagui chochote. Mtoto akimaliza darasa la saba, alama zake ndizo zinazompanga. Wenye ufaulu wa juu kabisa hupelekwa shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana kwa wasichana. Wengine huenda shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga, wengine bweni za kawaida, na kundi kubwa hubaki kwenye shule ya kata, kwa miguu au kwa baiskeli.

Mkoa wa Morogoro una shule mbili katika orodha hiyo ya vipaji. Mzumbe ipo Mvomero. Kilakala, ambayo zamani ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, ipo mjini Morogoro chini ya Milima ya Uluguru. Mtoto wa Ifakara hupanda basi, akapita Kidatu na Mikumi, na siku hiyohiyo yuko getini. Ndiyo maana majina haya yana uzito bondeni: karibu kila kijiji kina mtu aliyemfahamu mtu aliyesoma pale na sasa ni daktari au mhandisi.

Uzito huo una chanzo kingine, nacho ni hofu. Kuanzia mwaka 2006 shule za kata zilijengwa kwa kasi nchi nzima, na madarasa yakatangulia walimu. Mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ukaja kuanika hali ilivyokuwa: zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, taifa likataharuki, na mwaka 2013 Serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Mzazi aliyekuwa na mtoto shuleni mwaka ule hajasahau. Kwake, shule yenye jina ni kinga, na mtu hakosolewi kwa kutafuta kinga.

Familia hupata sauti kidato cha nne. Mwanafunzi hujaza machaguo yake ya tahasusi, shule na vyuo kwenye mfumo wa TAMISEMI unaofahamika kwa jina la Selform, na matokeo yakishatoka hufunguliwa dirisha la kubadilisha machaguo hayo. Mfumo ndio unaopanga mwishoni, kwa ushindani na kwa nafasi zilizopo. Lakini unapanga kutoka kwenye kile kilichojazwa. Siku hizo chache za dirisha ndizo familia inapopaswa kukaa chini na kalamu, na mara nyingi ndizo zinazopotea. Mtoto hubadilisha machaguo peke yake kwenye kibanda cha intaneti kwa kumwangalia rafiki aliyekaa pembeni.

Hesabu ya pointi

Tuchukue mfano. Msichana wa Kivukoni amepata daraja la kwanza la pointi 12, wa kwanza shuleni kwake. Kwa Biolojia, Jiografia na Kiswahili ana A. Kwa Kemia, Historia na Kiingereza ana B. Kwa Fizikia ana C. Hisabati na Uraia ana C vilevile. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na masomo saba bora ndiyo yanayohesabiwa: moja, moja, moja, mbili, mbili, mbili, tatu. Jumla 12, na daraja la kwanza linaishia 17.

Ili apangiwe kidato cha tano, pamoja na masharti mengine, masomo matatu ya tahasusi yake yawe na jumla ya pointi kati ya 3 na 10. Sasa angalia anavyosimama. PCB: Fizikia 3, Kemia 2, Biolojia 1, jumla 6. CBG: Kemia 2, Biolojia 1, Jiografia 1, jumla 4. HGK: Historia 2, Jiografia 1, Kiswahili 1, jumla 4. Milango yote iko wazi. Mwalimu wa taaluma anaposema alama zinaruhusu PCB, anasema kweli. Ila kuruhusiwa kuingia hakukuambii utatokea wapi.

Kidato cha sita kina hesabu yake. Masomo ni matatu tu. A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17. Msichana wetu akienda PCB kwenye shule kubwa, akalemewa, akatoka na E tatu, cheti chake kitasomeka daraja la tatu la pointi 15. Nyumbani watashukuru: hakufeli. Lakini mlango wa chuo kikuu unapimwa kwa mizani nyingine, ambayo A ni 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kiwango cha chini cha kawaida ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. E tatu zinampa 3. Shahada hapati. Atarudi kuomba stashahada kwa cheti kilekile cha kidato cha nne alichokuwa nacho miaka miwili nyuma.

Angekwenda CBG au HGK kwenye shule ya kawaida akatoka na C, C na D, angekuwa na daraja la pili la pointi 10 kwenye cheti, na pointi 8 mbele ya chuo kikuu. Ni mtoto yuleyule, mwenye kichwa kilekile.

Si kwamba PCB ni mtego. Kwa anayetaka udaktari hakuna njia ya mkato ndani ya kidato cha tano: vyuo vya udaktari vinataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Ninachosema ni kwamba familia nyingi hubishana kuhusu jina la shule wakati mzigo wenyewe umebebwa na tahasusi. Msichana mwenye C ya Fizikia aliyoipata kwenye shule isiyokuwa na maabara ya maana anaweza kuwa hodari wa Fizikia aliyekosa mwalimu, au anaweza kuwa mtu ambaye Fizikia haimwingii hata ukimweka na mwalimu wake peke yake. Hawa ni watoto wawili tofauti, na cheti hakiwatofautishi. Mwalimu aliyemfundisha anaweza. Aulizwe hilo, asiulizwe kama alama zinaruhusu.

Tangu 2024 orodha ya tahasusi imekuwa ndefu zaidi; mpya 49 ziliongezwa kwenye 16 za zamani, zikawa 65. Si kila shule ina kila moja, ila mtoto anayependa Jiografia na Biolojia hana tena sababu ya kuambiwa kwamba dunia ina PCB, PCM na "masomo ya sanaa" tu.

Samaki wa bwawa gani

Hoja ya mjomba inastahili jibu la haki: je, mtoto yuleyule akiwekwa kati ya vipanga hatapanda mwenyewe? Watafiti wamelifuata swali hili nchi nyingi, na majibu yao yanashangaza.

Jirani zetu wa Kenya wana shule za kitaifa, na kuingia humo ni sherehe ya kijiji kizima. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwafuatilia wanafunzi waliofanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2004. Walilinganisha waliopenya kuingia shule za kitaifa kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, yaani watoto ambao kwa uwezo walikuwa karibu sawa. Utafiti uliochapishwa 2014 haukuona ushahidi wa maana kwamba shule zile ziliwapandishia alama za kidato cha nne. Waliopenya walikaa na wenzao wenye akili zaidi, kwenye majengo bora zaidi, na mwishoni wakapata karibu yaleyale. Mwaka huohuo wachumi watatu, Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak, walichapisha matokeo ya aina hiyo kwa shule za mchujo za Boston na New York.

Romania jibu lilikuwa na pande mbili. Cristian Pop-Eleches na Miguel Urquiola waliona kwamba waliopenya kuingia shule bora walipata alama nzuri kidogo kwenye mtihani wa mwisho. Lakini waliona pia kwamba watoto hao walijiona dhaifu na waliotengwa na wenzao, na wazazi wao walipunguza kuwasaidia, kana kwamba shule imeshamaliza kazi.

Mwanasaikolojia wa elimu Herbert Marsh, aliyefanya kazi zake nyingi Australia, amelieleza jambo hili tangu miaka ya 1980 kwa mfano wa samaki mkubwa kwenye bwawa dogo. Ukichukua wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, aliye kwenye shule ya wastani wa juu hujiona mdogo kitaaluma kuliko mwenzake. Watu wa Mto Kilombero hawahitaji kufafanuliwa: kambale aliyetamba kwenye dimbwi la mashambani, mafuriko yakimwingiza mtoni, hajapungua hata ratili moja, ila haogopwi tena. Samaki hajali. Mtoto wa miaka 17 anajali sana, na akishajiambia kwamba yeye ni kilaza, huacha kuuliza maswali darasani. Kuanguka kwake huanzia hapo, kabla ya mtihani wowote.

Tafiti hizi zisichukuliwe kuwa hukumu. Zinawahusu walio mpakani, waliopenya kwa nywele. Hazimsemi mtoto aliyepata pointi 7 kwa mkono mmoja. Huyo hana cha kuogopa Mzumbe wala Kilakala, na pengine shule yake ya zamani ndiyo ilikuwa inamfifisha. Tena shule ya kitaifa ya Kenya inalinganishwa na shule nyingine ya Kenya, siyo na shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia. Pengo linapokuwa kubwa kiasi hicho, hesabu inabadilika. Lakini msichana wetu wa pointi 12 yuko mpakani hasa, na ndiye anayepaswa kufikiriwa kwa makini kuliko wote.

Presha ya shule na presha ya nyumbani

Wanaosema "apelekwe shule ya karibu, asibanwe sana" husahau kwamba utulivu hauko kwenye ukaribu. Presha ya shule za vipaji inajulikana: wanafunzi huamka usiku kupiga msuli, wanatatua pepa za miaka iliyopita mpaka wanazikariri, na matokeo ya majaribio hubandikwa ubaoni kwa mpangilio wa nafasi ili kila mmoja ajue wa chini yake ni nani. Wapo wanaostawi hivyo. Wapo wanaonyauka.

Nyumbani nako kuna presha yake, ingawa haina ubao. Msimu wa kilimo wazazi wengi wa bondeni huhamia shambani kwa miezi, na anayesoma kutwa hubaki kijijini akiwa mpishi, mlinzi wa nyumba na mlezi wa wadogo zake. Masika barabara za vijijini hukatika. Wakati wa kuamia ndege mpungani kila mkono unahitajika. Kwa msichana kuna pia wanaume wanaoona nyumba isiyo na mtu mzima. Bweni, hata la shule ya kawaida kabisa, linamwondolea yote hayo kwa mkupuo: chakula kimepikwa, saa ya kujisomea ipo, taa zipo. Ukiwa unatafuta mahali ambapo mtoto atapumua, bweni la kawaida mbali kidogo na nyumbani mara nyingi ni tulivu kuliko kutwa ya jirani. Mvulana wa Kivukoni akipangiwa Kwiro, kule mlimani Mahenge, asionekane ameangukia pabaya kwa kuwa tu si Mzumbe.

Kuna presha ya tatu, ya fedha. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na wengi wakadhani gharama zimekwisha. Fungua fomu ya kujiunga: godoro, tranka, shuka mbili, ndoo, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi, sare mbili, viatu vyeusi, michango, na nauli ya kwenda na kurudi. Kidato cha tano huripoti Julai, mpunga ukiwa umetoka tu kuvunwa na bei yake iko chini. Mzazi huuza magunia mengi kwa bei mbaya ili mtoto asichelewe, na mtoto anajua kila gunia lilivyokwenda. Akifika shuleni akaanza kuanguka, hawezi kusema, maana atasemaje mbele ya mpunga ule? Huyu amebebeshwa mzigo ambao hakuna mwalimu anayeuona. Familia inayoweza kuweka magunia machache mpaka bei ipande, au kununua vitu kidogokidogo tangu Februari, inampunguzia mtoto deni ambalo halijaandikwa popote.

Upande wa shule binafsi, zipo zinazoweka wastani wa kuvuka darasa, na asiyeufikia huambiwa arudie au ahame ili asichafue matokeo. Serikali imekemea mtindo huo, lakini mzazi asingoje kukemea. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza aulize: mwanafunzi asiyefikisha wastani wenu anafanywaje? Jibu likizungukazunguka, ameshajibiwa.

Jinsi ya kusoma ukurasa wa shule

Kwa miaka mingi NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ilitangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Januari 2023 Baraza liliacha, likieleza kwamba shule hazishindani katika mazingira sawa na kwamba orodha ile ilikuwa inazitangaza shule kibiashara. Wapo waliolalamika. Lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, na yana habari nyingi kuliko orodha ya kumi bora.

Fungua matokeo ya kidato cha sita ya shule unayoifikiria. Juu kabisa utaona jedwali la madaraja: la kwanza wangapi, la pili wangapi, mpaka sifuri. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo shule ya mchujo hung'aa, kwa sababu waliopokelewa waling'aa kabla hawajafika. Shuka chini. Kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsi, jumla ya pointi, daraja, kisha alama za kila somo. Majina hayapo siku hizi, nayo huyahitaji.

Chagua mistari ya tahasusi yako peke yake. Wa PCB utawatambua kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na BAM, ile Hisabati ndogo ambayo haiingii kwenye daraja. Tuseme umewapata 60. Usitazame kumi wa juu. Wapange kwa pointi, hesabu kutoka chini, usimame kwa wa 15. Huyo ndiye mtoto wako siku mambo yakienda ovyo kiasi. Kama ana daraja la pili la pointi 11, kwa mfano D ya Fizikia, C ya Kemia na D ya Biolojia, shule hiyo inawabeba wanyonge wake na mtoto wako atafika mahali. Kama ana pointi 16, zenye E na S, jua kwamba robo nzima ya darasa ilitoka pale bila tiketi ya chuo kikuu, hata kama jedwali la juu limepambwa.

Chini kabisa ya ukurasa kuna ufaulu wa kila somo. Somo ambalo shule nzima imeshuka, lenye wastani mbaya kuliko masomo mengine yote, linakwambia kuhusu ualimu wa somo hilo kuliko mkuu wa shule atakavyokwambia. Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, kwa shule mbili au tatu, na kijana wa chuo akusaidie ikiwa tovuti inakusumbua. Ni kazi ya jioni moja, na itakuondolea nusu ya ubishi wa kwenye simu.

Mama mdogo anachosema

Njia ya chuo cha kati hutajwa mwisho, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ya walioshindwa. Kwa mtoto wa Ifakara haistahili sauti hiyo. Mji huu una Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na chuo kikuu kishiriki cha afya chenye jina hilohilo. Una Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya utafiti ya Waswisi chini ya Rudolf Geigy, na leo inajulikana duniani kwa kazi ya malaria. Mbu wa Kivukoni, Minepa na Lupiro wameandikwa kwenye majarida ya kisayansi, na watoto wa vijiji hivyo wamekua wakiwaona watafiti wakitega mitego ya mbu majumbani mwao. Wachache ni watoto wa nchi hii wanaoiona sayansi ikifanyika kwa karibu hivyo.

Stashahada ya utabibu hutaka ufaulu wa angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini, zikiwemo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Msichana wetu amevuka mbali. Ni miaka mitatu, na akimaliza ana kazi mkononi na njia ya kuomba shahada ya udaktari baadaye ikiwa ufaulu wake wa stashahada ni mzuri. Ubaya wake ni ada, maana kidato cha tano cha Serikali hakina. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, ingawa si kila mwombaji hupata. Yupo na mtoto ambaye mikono yake ina akili kuliko daftari lake. Kwake mkondo wa amali, ulioingizwa na sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025, ni njia inayoanza mapema zaidi.

Kinachopaswa kumwogopesha mama mdogo ni kimoja tu: mtoto kwenda chuo kwa kuikimbia Fizikia ya kidato cha tano, huku moyoni anautaka ule udaktari bingwa. Atabeba kinyongo. Aende kwa kuitaka kazi yenyewe.

Kupanga machaguo

Dirisha likifunguliwa, jiulizeni kwanza mtoto wenu yuko kundi gani.

Aliyepata pointi 7 hadi 9, ambaye alama za tahasusi yake zote ni A au karibu zote, aweke shule za vipaji juu ya orodha bila kusita. Anahitaji wa kushindana nao, na akiwa wa kumi darasani bado atatoka na daraja la kwanza.

Aliye mpakani, kama msichana wetu, aanze na tahasusi ndipo aje kwenye shule. Kama mwalimu wake wa Fizikia anaapa kwamba C ile ni ya kukosa maabara, PCB iwe ya kwanza, na shule ichaguliwe kwa yule mtahiniwa wa 15 kutoka chini. Kama mwalimu anasitasita, CBG iwe ya kwanza, PCB ishuke, na chuo kisiachwe nje ya orodha. Kilakala inaweza kubaki kati ya machaguo yake. Isiwe ndiyo sababu ya kuchagua somo asilolimudu.

Aliyepata daraja la pili au la tatu hatabishana sana kuhusu vipaji maalumu. Kwake ushauri ni kutafuta tahasusi anayoweza kutoka nayo na C, kwenye shule yenye bweni, na kukipa chuo cha kati uzito sawa na kidato cha tano.

Kisha, kabla hajapanda basi la Julai, yasemwe mambo matatu kwa sauti, baba na mama wakiwepo. La kwanza: kila mwezi atapiga simu na kusema alama zake zilivyo, nzuri au mbaya, na simu hiyo haitageuka kuwa mahubiri. La pili: shule nyingi huruhusu kubadili tahasusi wiki za mwanzo ikiwa nafasi ipo na alama zinaruhusu, kwa hiyo akiona maji ya shingo mwezi wa kwanza aseme mwezi huohuo. La tatu: mpunga uliouzwa umeuzwa kwa ajili yake na si kwa ajili ya PCB, na akibadili somo hatakuwa ameula bure. Mzazi aliyekwisha kuyasema haya ataambiwa mapema kwamba jaribio la kwanza la Fizikia limekwenda vibaya, wakati bado kuna la kufanya. Asiyesema atayajua matokeo siku NECTA itakapoyatangaza.